Mikono Niliyoiachia Bure

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Leso zikiingia dukani nazihesabu zikiwa bado kwenye robota, kisha nazihesabu tena zikipanda rafuni. Watoto wangu walikuwa wawili tu na bado niliwahesabu mara mbili kabla ya kufunga mlango, marehemu mume wangu akiniuliza kama nilitarajia kupata faida. Duka langu liko mtaa wa Biashara, Mombasa, upande unaopata kivuli baada ya saa nane, na kwa miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya meza ile ile nikipatana na watu. Nimepatana na wake wa matajiri, ambao ndio wagumu kuliko wote, na nimepatana na watalii waliopotea wakiitafuta Ngome, ambao hukubali bei ya kwanza na kukuharibia starehe. Kwa hivyo binti wa jirani yangu aliponiambia, "Khala, wewe wajua kupatana, njoo unipatanie," sikuona ajabu. Niliona amebisha mlango uliostahili.

Nyumba yao na yangu zatazamana katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, karibu kiasi kwamba mamake akikaanga vitunguu mimi ndiye nitokwaye na machozi. Msichana huyu huniita khala, kama dada wa mamake, ingawa hatuna damu moja. Kazi yake ilikuwa kupaka hina maharusi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Wenye arusi waliweza kusogeza siku ya akidi ili wampate yeye.

Kabla ya hapo alikuwa amekwenda Arabuni. Alipelekwa na wakala, mwanamke wa papa hapa mjini, mtu wa kuonekana kila arusi na kila maulidi, aliyemwahidi kazi ya kupaka hina kwenye saluni. Alikaa huko mwaka mmoja na miezi minne, akarudi amekonda. Mji uliambiwa na mamake kwamba mkataba wa saluni ulikwisha. Mamake aliambiwa hivyo na yeye.

Ukweli niliusikia mimi, siku aliponipaka hina kwa ajili ya arusi ya mwanangu. Mtu anayepakwa hina ni mateka. Mikono yako imeshikwa, huwezi hata kujikuna pua, na anayekupaka akitaka kukwambia jambo huna budi kulisikia. Aliniambia bila kuinua macho. Hakukuwa na saluni. Kulikuwa na nyumba ya ghorofa tatu yenye watu kumi na mmoja, na mtumishi mmoja, yeye. Pasipoti yake ilifungiwa kabatini kwa mwenye nyumba, simu ikachukuliwa, na alilala sakafuni jikoni. Siku moja aliunguza ukosi wa shati. Mama mwenye nyumba akaichukua pasi na kumwekea mkononi, hapa, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

"Aliiweka, akaitoa, akaniambia niendelee," alisema, akaendelea kunichora.

Ndipo nikajua kwa nini hakuonekana kamwe bila hina. Juu ya kovu lile alikuwa amebuni ua, lenye petali tano pana na shina linaloteremka hadi kidole cha mwisho, na kovu lilizama katikati yake kama moyo wa ua. Maharusi waliliona mkononi mwake wakalipenda, wakataka na wao wachorwe. Msimu ule nusu ya maharusi wa mji walikwenda kwa waume zao na ua lile mkononi, bila ya kujua lilifunika nini.

Mwandishi wa habari niliyeitiwa kupatana naye alikuwa msichana wa bara, mwenye adabu, na Kiswahili chake kikisimama kila baada ya maneno matatu kama mtu apandaye ngazi. Alikuwa akitengeneza makala ya televisheni kuhusu vijana wanaopelekwa Arabuni kwa ahadi za uongo, na alikwisha kupata wasichana kadhaa kutoka nje ya kisiwa, ng'ambo ya Makupa. Alihitaji mmoja wa kisiwani, kwa kuwa wakala alikuwa wa kisiwani. Binti wa jirani yangu alikuwa amesikia kwamba yule wakala alikuwa akiandaa kundi jingine. Hilo ndilo lililomfanya akubali. Lakini alikuwa na neno moja tu, na alinikabidhi mimi neno hilo: asijulikane. Akijulikana, hana kazi, hana posa, na mamake hana pa kuweka uso.

Tulipatana nyuma ya duka, tumekalia marobota. Niliyataja masharti yangu moja moja. Uso usionekane. Sauti ibadilishwe. Jina lisitajwe, wala la kubuni linalofanana nalo. Nyumba isionyeshwe, wala kichochoro, wala mlango wa mtu yeyote, maana milango ya Mji wa Kale yajulikana kuliko wenye nyumba. Mwaka aliosafiri usisemwe. Mamake asitajwe. Wala isisemwe kwamba anapaka hina.

"Lakini mama, kazi yake ndiyo hadithi yenyewe," alisema mwandishi. "Alidanganywa kwa kazi yake."

"Mwanangu, wapaka hina wa maana katika mji huu ni wanne. Mmoja ni bibi wa miaka sabini. Watu watamjua kwa kuwaondoa wengine."

Alicheka, akaandika kwenye daftari. Nikamfanya anisomee. Masharti yalikuwa saba, nikayahesabu kwa vidole, nikayahesabu tena.

Kurekodi kulifanyika asubuhi, katika chumba cha kukodi karibu na Makupa, juu ya duka la tairi. Kila lori lilipopita chini ilibidi kunyamaza lipite. Msichana alivaa buibui jipya nililomletea mimi, lisilo na urembo wowote, na nikabu, akakaa mbele ya ukuta mtupu. Mpiga picha alichungulia kamera yake akaguna.

"Huu ni usiku wa giza nimewekewa mchana," alisema. "Ukuta na nguo nyeusi. Watu watabadilisha stesheni."

Mwandishi akanigeukia. "Mama, tunaweza kuonyesha mikono tu? Akiwa anaongea. Watu wapate kitu cha kutazama."

Sasa nieleze jinsi sisi wafanyabiashara tunavyofanya. Ukipatana na mtu na ukapata yote uliyoyataka, lazima umwachie kitu kidogo aende nacho, ili asije akajiona ameshindwa na akavunja mapatano. Dukani huwa ni pini, au mfuko mzuri. Nilikuwa nimemnyang'anya mwandishi masharti saba. Nikatazama ni kipi kidogo nimwachie.

Msichana alikuwa akinitazama kupitia upenyo wa nikabu. Nilimtikisia kichwa: haya, kubali. Akaitoa mikono chini ya buibui akaiweka magotini, na mpiga picha akasema, "Naam! Hapo sasa."

Nilirudi nyumbani siku ile nikijisifu. Neno hina halikutajwa hata mara moja.

Makala yalionyeshwa Jumapili baada ya magharibi. Niliyatazama peke yangu. Nilikuwa nikichunguza masharti yangu kama mtu anayekagua mzigo bandarini: uso haupo, sauti si yake, jina hakuna, mlango hakuna. Saba. Nikashusha pumzi, nikapika chai. Kisha, kwa kuwa ndiyo desturi yangu, nikayatafuta kwenye simu nikayatazama mara ya pili.

Mara ya pili ndipo nilipoiona mikono.

Kwa kweli ndiyo iliyojaa kiooni karibu muda wote aliozungumza. Alipofika kwenye kisa cha pasi aliugeuza mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikagusa katikati ya ua, na kamera ikasogea karibu mpaka ngozi iliyokunjamana ikaonekana wazi chini ya hina. Sisi wanawake wa hapa, tunaojifunika, twajuana kwa mikono, kwa mwendo na kwa ndara. Mgeni akisimama sokoni huona mabuibui kumi. Mimi naona watu kumi na najua nani kati yao ana deni langu. Nilijua hilo tangu nikiwa mtoto. Na nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nikihesabu maneno.

Asubuhi yake, mteja wa kwanza alikuwa shoga yangu wa siku nyingi, na bintiye aliyeolewa mwezi uliopita.

"Umeyaona?" aliniuliza kabla ya salamu, na huyu ni mtu ambaye salamu zake hufika hadi hali ya paka.

"Yapi?"

"Makala ya jana. Wasichana waliopelekwa Arabuni. Wallahi nimelala bila kula."

Akaiweka simu juu ya leso zilizokunjwa, akayafungua. Tukatazama watatu. Shoga yangu alilia tangu mwanzo. Alisema, "Maskini mwana wa watu," akasema, "Huyo mama aliyemzaa yuko hali gani leo?" akachukua ncha ya leso ambayo haijauzwa akajifutia macho. Nilimwacha. Hata bintiye alilia, na huyo ana miaka ishirini na machozi yake ni ya kuyaomba. Nikafikiri, labda nimeogopa bure. Labda mtu akilia hivi haoni vizuri.

"Mama, hebu rudisha nyuma kidogo," alisema yule bibi arusi.

Mamake akarudisha.

"Simamisha hapo."

Akaunyosha mkono wake wa kushoto akauweka kando ya simu. Hina yake ilikuwa imeshafifia, rangi ya chai ya maziwa, lakini petali zote tano zilihesabika.

"Si ua langu hili?"

"Ua ni ua," nikasema haraka. "Msimu huu mji mzima unalo."

"Mji mzima umepakwa na nani, shoga?" aliuliza mamake.

Nikaikunja leso iliyokwisha kukunjwa. Yeye alitazama simu, akatazama mkono wa bintiye, akanitazama mimi. Nimeona vitambaa vingi vikikauka kwenye jua la Mombasa, lakini sijaona kitu kukauka upesi kama macho ya shoga yangu.

"Kumbe," akasema polepole. "Na mamake akatuambia saluni."

"Aliwaambia alivyoambiwa."

Nilipolisema hilo nikajua nimelikubali lote. Miaka ishirini na sita ya kupatana, nikauza kwa sentensi moja.

"Na humo nyumbani," akaendelea, "wanaume walikuwako?"

"Makala hayakusema."

"Mwaka na zaidi, mlango umefungwa, wanaume wamo ndani... Mimi sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Si nakwambia sisemi?"

Bintiye akaivuta mikono ya buibui lake hadi kwenye vidole.

Siku ile kabla ya adhuhuri waliingia dukani wanawake tisa, na watano walikuwa wameyaona makala. Wote watano walisema walilia. Hadi alasiri nilikuwa sijamwona hata mmoja anayelia tena. Msichana asiyejulikana walimwonea huruma. Huyu waliyemjua walikuwa na maswali naye. Sikuwahi kufikiri kwamba huruma ya watu yahitaji mtu awe mbali, nami nilimleta karibu kwa kutikisa kichwa.

Alikuwa na arusi kumi na moja mbele yake. Mama wakwe ndio walioanza kujitoa. Hakuna aliyemtukana, sisi hatutukani. Walituma salamu ndefu, wakauliza hali, wakamwombea dua, kisha wakasema wamepata mtu mwingine. Yuko mmoja aliyekuwa mkweli. Alisema hina ya arusi yapakwa na mkono wenye furaha, na kwamba hataki mwana wake aingie nyumbani kwake na huzuni ya mtu mwingine. Baada ya wiki mbili arusi zilibaki mbili, na wenyewe nadhani hawana televisheni.

Yule wakala naye alikuja dukani. Alikuja na manukato yake na sauti yake ya upole, akachagua leso doti nne, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuomba apunguziwe. Alipokuwa akipokea mfuko akasema, "Watu wa televisheni hawana haya, sivyo? Kumwanika mtoto wa watu vile." Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, na mengine bado ninayo. Nikampa chenji yake. Naandika nilivyofanya, si nilivyotamani.

Kwa jirani yangu nilikwenda siku ya tatu. Mamake msichana alinifungulia, akanikaribisha, akaniletea maji, kila kitu kama kawaida isipokuwa hakukaa.

"Mlikwenda wawili, mkarudi wawili," aliniambia. "Mkapita hapa mlangoni pangu, nikawauliza mwatoka wapi, ukaniambia Makupa kutazama mapazia."

"Nilisema hivyo."

"Mimi nimeijua pasi kwa mke wa muuza samaki. Aliniuliza kama lapona. Nikamwuliza, nini? Akanionyesha kwenye simu yake." Alikuwa akiikunja na kuikunjua leso aliyojitanda. "Mwanangu ameshikwa na moto, na mimi nauliza bei ya samaki."

Hakungoja nijibu. Alikwenda jikoni.

Msichana alikuwa chumba cha juu, amekaa kitandani. Mikono yake ilikuwa mitupu. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona kovu bila ya ua. Ni dogo kuliko nilivyodhani, na kingo zake zimenyooka, kwa hivyo mtu hawezi kujidanganya limetokana na nini.

"Khala, uliiona siku ile?" aliniuliza. "Pale waliposema mikono."

"Sikuiona. Wallahi. Nimeizoea, sikuiona."

"Mimi niliiona."

Nikamtazama.

"Niliiona, nikakutazama. Nikasema moyoni, huyu ahesabu mara mbili. Akikubali, hapana neno."

Angenipiga ningeshukuru. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na simu yangu ikalia, alikuwa mwandishi. Nilikuwa nimemwachia ujumbe nikimweleza yaliyotokea. Alisema ataiondoa sehemu ile ya mikono kwenye mtandao siku hiyo hiyo.

"Iondoe, mwanangu," nikamwambia. "Na ukiweza, yaondoe na macho ya watu."

Akasema kwamba wasichana watano waliokuwa wasafiri wiki ile na yule wakala wamekataa, wazazi wao wamekwenda kuzidai pasipoti, na wamezipata. Nikamwuliza wangapi. Watano. Nikamwuliza tena.

Nilipokata simu nikamwambia msichana. "Watano?" alisema. "Watano." Akaitikia kwa kichwa, akageukia dirisha. Nilitaka kusema kwamba ni jambo kubwa, lakini niliogopa kwamba ingesikika kama namtajia bei, watano kwa mmoja, na kwamba nataka akubali.

Alikaa ndani karibu mwezi mzima. Nilikuwa nikimwona kupitia dirisha langu, akipita na ndoo, akianika nguo. Siku moja asubuhi alibisha kwangu, amevaa buibui, uso wazi. Alisema anakwenda polisi kuandikisha malalamiko dhidi ya wakala, kwa jina lake kamili. Sababu ya kulificha ilikwisha, alisema, na kama jina limeshachafuliwa bora lifanye kazi.

Nikatafuta viatu vyangu. "Nakuja. Ofisini watu wale wataka kujua kusema nao. Kwanza tutawaambia..."

"Khala." Hakuinua sauti. "Mara hii usinipatanie."

Nilimfuata hata hivyo, nyuma kidogo, kama mtu aliyekuwa na safari yake. Alipoingia nilibaki nje kwenye benchi, kati ya mwanamume aliyeibiwa pikipiki na mama mmoja aliyenuna. Mama akaniuliza kama huyo aliyeingia ni mwanangu. Nikasema jirani. Akaniuliza ana kesi gani, na kwa mara ya kwanza nikumbukavyo nikamwambia mtu sijui.

Alikaa ndani saa nzima. Alipotoka alikuwa na karatasi nyeupe, haina kitu. Walimwambia afisa anayehusika hayupo, arudi Alhamisi. Walimwuliza pia mara tatu kwa nini hakusema tangu mwanzo.

Tulirudi kwa miguu, tukapita Biashara, na wanawake wawili mbele ya duka la jirani yangu wa biashara wakanyamaza tulipopita. Aliwasalimu kwa majina. Wakaitika.

"Alhamisi waweza kuja ukitaka," aliniambia tulipofika kichochoroni. "Lakini ukae kimya."

Alhamisi tulikwenda. Afisa alikuwapo. Alikuwa na kalamu isiyoandika, akamwambia msichana arudie kila kitu tangu mwanzo, na kisha arudie tena. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma, mikono imefumbata mkoba. Alipotaja pasi, afisa aliinua macho akamwambia aonyeshe. Msichana hakunigeukia. Akaupandisha mkono wa buibui mwenyewe, akauweka mkono mezani.